Seli nzuri ya lithiamu huanzia kwenye uji

Anayeanza kazi ya kutengeneza seli za lithiamu huja na hamu ya kemia mpya: anodi (upande hasi) ya silikoni badala ya grafiti, kathodi (upande chanya) yenye nikeli nyingi, elektrolaiti (kimiminika kinachopitisha ayoni) yenye viongezi vya kila aina. Hamu hiyo ni njema, msiizime. Ila fahamuni mapema kwamba unga uleule wa kathodi, kutoka mfuko uleule, huweza kutoa seli imara mikononi mwa mmoja na seli inayokufa baada ya mizunguko michache mikononi mwa mwingine. Tofauti huletwa na kuchanganya unga na kimiminika kuwa uji, kuupaka kwenye foili ya metali, kukausha, kubana, kukata na kufunga. Mfano wetu hapa ni seli ya sarafu ya saizi 2032, ile inayofanana na betri ya rimoti ya gari, yenye anodi ya grafiti na kathodi ya NMC811, yaani nikeli sehemu 8, manganizi 1 na kobalti 1.

Anza na anodi, kwa sababu uji wake ni wa maji na makosa yake huonekana kwa macho. Kwa gramu 100 za vitu vikavu pima grafiti gramu 95, kaboni nyeusi ya kupitisha umeme gramu 1, CMC (selulosi inayoyeyuka majini) gramu 1.5 na mpira wa SBR gramu 2.5. CMC huupa uji mnato na kuzuia grafiti isitue chini. SBR ndiyo gundi yenyewe. SBR huuzwa ikiwa utomvu mweupe kama maziwa, kwa hiyo soma lebo: kama asilimia 50 yake ndiyo kitu kikavu, utapima gramu 5 ili upate zile 2.5. Asiyesoma lebo hutoka na koti (tabaka lililopakwa juu ya foili) linalobanduka foili ikikunjwa, kisha hulaumu grafiti.

CMC iandae siku moja kabla. Tia gramu 1.5 kwenye gramu 98.5 za maji yaliyoondolewa ayoni, ukinyunyiza unga kidogo kidogo huku kikorogeo kinazunguka, kama mpishi wa uji asiyetaka madonge. Ukimwaga wote kwa mkupuo, ngozi ya donge hulowa na kuteleza, ndani hubaki unga mkavu, na donge hilo utalikuta kesho yake kwenye koti likiwa kitundu cha mviringo. Acha ikorogeke usiku kucha hadi iwe angavu.

Siku ya pili usimimine CMC yote kwa pamoja. Changanya grafiti na kaboni nyeusi vikiwa vikavu, kisha tia nusu ya CMC au zaidi kidogo, upate donge zito kama la chapati. Likande kwa nusu saa hadi saa nzima. Hatua hii wageni wengi huiruka kwa sababu mashine inaguna na mchanganyiko unaonekana umekosewa, kumbe uzito huo ndio unaovunja vishada vya kaboni nyeusi. Uji mwepesi huvizungusha tu bila kuviumiza. Baada ya hapo tia CMC iliyobaki kwa awamu mbili au tatu. SBR huingia mwisho kabisa, kwa kasi ndogo, dakika 10 hadi 15, maana kukoroga kwa nguvu hugandamanisha chembe za utomvu. Jumla utakuwa na gramu 201 za uji, nusu yake kavu. Toa viputo kwa vakyumu, chuja, kisha vuta matone machache kwenye kioo kwa kisu kilichonyooka. Mistari kama ya kuchanwa na kitana ni dalili ya chembe ambazo hazijavunjika, rudi ukakande.

Uji wa kathodi haukorogwi kwa maji, kwa sababu unga wenye nikeli nyingi huharibiwa nayo. Tumia NMC sehemu 96, kaboni 2 na PVDF 2, huku PVDF, gundi ya plastiki, ikiwa imeshayeyushwa kwenye kiyeyushi cha NMP. Adui hapa ni unyevu wa hewa. Juu ya chembe za NMC811 kuna mabaki ya lithiamu yenye asili ya besi. Yakikutana na maji kidogo hushambulia PVDF, na uji uliokuwa ukitiririka hugeuka jeli ndani ya chombo. Jeli haiokoleki kwa kuongeza NMP. Itupe kwenye chombo cha taka za kemikali, kisha chunguza unga ulikaa wazi kwa muda gani. NMP yenyewe ina madhara kwa uzazi: fanya kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, vaa glavu za butili kwa sababu za nitrili hupenywa haraka, na mjamzito asiikaribie hata kidogo.

Sasa hesabu, na hapa usikisie. Tuseme unataka kathodi yenye uwezo wa mAh (miliampea-saa) 3.0 kwa kila sentimita ya mraba. NMC811 ikitoa mAh 190 kwa gramu, unahitaji miligramu 15.8 za unga hai (NMC yenyewe), na kwa kuwa unga hai ni asilimia 96 ya koti, koti kavu litakuwa miligramu 16.4. Anodi ipe uwezo zaidi kwa asilimia 10, yaani mAh 3.3. Grafiti ikitoa mAh 350 kwa gramu, hiyo ni miligramu 9.4 za grafiti, au koti la miligramu 9.9. Ziada hiyo ya anodi ni kinga: ayoni za lithiamu zikikosa nafasi ndani ya grafiti hujipaka juu yake zikiwa metali, na metali hiyo huota sindano.

Pima uzito kwa uangalifu wa sonara. Kisahani cha anodi cha kipenyo cha milimita 15 kina eneo la sentimita za mraba 1.77. Foili yake ya shaba ya mikroni 9 ina miligramu 14.2, na koti lina miligramu 17.5. Foili ikitofautiana kwa asilimia 2 tu kati ya mwanzo na mwisho wa roli, hiyo ni miligramu 0.28, na hesabu yako ya uwezo tayari imekosea kwa asilimia 1.6. Kwa hiyo kata visahani kumi vya foili tupu kutoka kipande kilekile cha roli, pima kila kimoja, utoe wastani wa hivyo na si wa lebo ya muuzaji. Kisu cha kupakia nacho hakiaminiki kwa namba yake: ukikiweka mikroni 250, uji utakaobaki utakuwa mwembamba kuliko hapo. Paka kipande kifupi, kausha, pima, rekebisha, ndipo upake kirefu.

Kukausha kwa pupa kumeharibu elektrodi nyingi mno. Joto kali tangu mwanzo hupandisha maji juu kwa kasi, na gundi hupanda nayo. Matokeo yake ni uso mgumu wenye gundi nyingi, na chini, pale koti linapopaswa kushikana na shaba, gundi imepungua. Bandika selotepu, ibandue: ikitoka na koti zima huku shaba ikibaki inang'aa, oveni ilikuwa kali mno. Anza na nyuzi 50 hadi 60 mpaka uso usiwe na unyevu wa kuonekana, ndipo upeleke kwenye oveni ya vakyumu, nyuzi 100 hadi 120, usiku mzima. Usiweke shaba kwenye joto hilo hewani, itaoksidika na kubadilika rangi.

Kiwandani oveni za kukaushia huwa na urefu wa makumi ya mita, na mvuke wa NMP lazima unaswe na kurudishwa. Ndiyo sababu njia kavu imevuta macho ya watengenezaji wakubwa: unga hai huchanganywa na PTFE (plastiki ya Tefloni), husuguliwa hadi PTFE ivutike kuwa nyuzinyuzi, kisha rola hubana mchanganyiko huo kuwa utando bila kimiminika chochote. Tesla iliitangaza Septemba 2020 pamoja na seli yake ya 4680, ambayo kingo za foili ndizo zinazopitisha umeme badala ya kiungo kimoja kidogo, ili njia ya umeme iwe fupi na joto lipungue. Upande wa anodi njia hii ina ugumu wake, kwa sababu PTFE huvunjwavunjwa na lithiamu kwenye volti ndogo za grafiti. Ushauri wetu: ijue njia kavu, isome, lakini usianzie hapo. Asiyejua uji mzuri ukoje hatajua utando mbaya umetokana na nini.

Kubana kwa rola kunahitaji subira. Koti letu la miligramu 9.9 hutoka oveni likiwa na unene wa mikroni 90 na kitu. Lengo ni uzito wa gramu 1.55 kwa sentimita ya ujazo, ambao ni mikroni 64. Ongeza shaba 9, maikromita ikuonyeshe 73. Fika hapo kwa kupitisha mara mbili au tatu. Kwa uzito huo takriban asilimia 30 ya koti hubaki vinyweleo vya kupitisha elektrolaiti. Ukizidisha mpaka uso ung'ae kama kioo, seli itafanya vizuri kwenye chaji ya polepole na kuvunja moyo kwenye chaji ya haraka, kwa sababu njia za ayoni zimezibwa.

Umbo la grafiti nalo lina neno hapa. Ile ya Mahenge na Ruangwa, Tanzania, hutoka ardhini ikiwa magamba. Kabla ya kuingia kwenye seli huviringishwa ifanane na viazi vidogo, husafishwa hadi asilimia 99.95 na kuvishwa utando wa kaboni, na katika kuviringisha mara nyingi nusu ya unga au zaidi hupotea. Gamba lisiloviringishwa hulala likibanwa, moja juu ya jingine kama vigae, na ayoni hulazimika kuzunguka mbali. Tunaotamani grafiti yetu iuzwe ikiwa tayari kwa betri, kazi ngumu iko hapo, si kwenye kuchimba.

Unapokata, panchi iwe kali. Butu huacha unywele wa shaba ukingoni, na kitenganishi chako, utando unaozuia anodi na kathodi zisigusane, kina mikroni 16 hadi 25 tu. Unywele mmoja unakitoboa. Kagua kila ukingo kwa lenzi. Kathodi iwe milimita 14, anodi 15, kitenganishi 19, na anodi izidi kathodi pande zote.

Kisha kausha tena visahani usiku mmoja kabla ya kuviingiza kwenye kisanduku cha glavu chenye gesi ya agoni, ambamo maji na oksijeni viko chini ya sehemu 1 kwa milioni. Msidhani huu ni ushamba wa vitabu. Hewa ya Dar es Salaam au Mombasa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 hubeba takriban gramu 23 za maji kwa mita ya ujazo; chumba kikavu cha kiwandani, ambamo umande hauundwi mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri, hubeba kama gramu 0.1. Maji yakikutana na chumvi ya LiPF6 iliyo ndani ya elektrolaiti hutoa asidi ya haidrofloriki, ambayo huyeyusha metali za kathodi na kuzalisha gesi. Asidi hiyo huunguza mtu pia, kwa hiyo jeli ya kalisiamu glukoneti iwe karibu kabla hujafungua chupa ya elektrolaiti.

Panga kathodi, matone ya elektrolaiti, kitenganishi, matone mengine, anodi, kisahani cha chuma cha pua, springi, kifuniko. Jumla ya mikrolita 80 inatosha, na kila seli ipate kiasi kilekile. Acha saa 12 elektrolaiti ilowe ndani ndipo uchaji. Kathodi yetu ina mAh 4.6, basi chaji ya saa 20 ni miliampea 0.23: panda hadi volti 4.2, shuka hadi 2.8, mara tatu. Polepole hii hujenga juu ya grafiti utando mwembamba ulioshikamana, ambao ndio utakaoilinda maisha yake yote. Tengeneza seli tano kwa kila jaribio. Moja haithibitishi kitu.

Volti ikigoma kupanda na chaji inaendelea kuingia, kuna mguso wa ndani: rudi kwenye panchi na upangaji. Mzunguko wa kwanza ukirudisha chini ya asilimia 80, shuku unyevu au uwiano wa anodi na kathodi. Na pale ambapo huelewi, chaji seli moja ijae, ifungue ndani ya kisanduku cha glavu kwa kifaa kisichogusanisha pande zake mbili, utazame anodi. Grafiti iliyojaa lithiamu huwa na rangi ya dhahabu. Dhahabu ikienea sawasawa, uji na koti vilikuwa sawa. Mabaka meusi ni sehemu ambazo elektrolaiti haikufika au mgandamizo haukushika. Utando wa kijivu ni lithiamu iliyojipaka juu: ukiwa ukingoni, kathodi ilikaa upande, ukiwa kila mahali, anodi ni nyepesi mno au imebanwa kupita kiasi.