Ukifunga ndoo mbichi unafuga ukungu

Mkuu, usifunge hiyo ndoo! Umesema umemaliza kutengeneza bia kwa sasa, umeosha vyombo, na unataka kubakiza dawa kidogo ya kuua vijidudu ndani ya ndoo ya kuchachushia kisha ubane kifuniko mpaka utakapoihitaji tena. Wadau wakakujibu "safi sana". Si safi hata kidogo. Mimi nilifanya hivyohivyo na nikapoteza ndoo, mipira ya kupitishia bia na bia yote iliyofuata.

Aliyeniuzia vifaa ndiye aliyenielekeza, tena kwa kujiamini: "Bana kifuniko, ukungu hautaingia." Bado naumia nikikumbuka, maana mtu anayeuza vifaa hivi anatakiwa kujua kwamba mbegu za ukungu zimo hewani kila mahali. Unapofunga kifuniko zimeshaingia. Kinachozizuia kuota ni ukavu. Ndoo iliyobanwa ikiwa na unyevu ina maji, ina giza, haipitishi hewa, na mara nyingi ina sukari ya kimea iliyoganda mahali usipopaona. Ukungu hautaki zaidi ya hapo.

Na ile dawa uliyobakiza haitakulinda. Hizi dawa za asidi zisizohitaji kusuuzwa zinataka pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya 3 au chini yake, na zinafanya kazi juu ya kitu ambacho tayari ni safi. Penye utando wa chachu hazipenyi. Kuosha ni kazi moja, kuua vijidudu ni kazi nyingine, na ya pili inafanywa siku ya kutengeneza bia, si siku ya kuweka vyombo stoo.

Sasa koki. Hapa ndipo nilipoumizwa. Kwa nje iling'aa. Nilipoifungua kwa mkono, nyuma ya ile ringi ya mpira inayokaa kati ya koki na ukuta wa ndoo kulikuwa na ute wa kahawia wenye vidoti vyeusi, unanuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahaulika kikiwa kibichi. Bia yote ilipita hapo wakati wa kujaza chupa. Kwa hiyo toa koki, toa ringi, itenganishe koki vipande vyote inavyokubali, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye poda ya sodiamu pakaboneti, sugua kwa brashi ndogo laini, suuza, kisha acha kila kipande kikauke peke yake. Usiirudishe kwenye ndoo mpaka siku ya kazi. Poda hiyo inatoa oksijeni, kwa hiyo usifunge chombo wakati umeloweka.

Ndoo yenyewe: sponji laini tu. Ukiikwangua kwa kitu kikali unaitia mikwaruzo ambamo vijidudu hujificha na dawa haiwafikii. Maji yanayochemka nayo hapana, plastiki inapinda. Na tafadhali, kama umeshatia klorini usiongeze siki wala asidi yoyote, mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu. Klorini ikibaki kwenye chombo huipa bia harufu ya dawa ya hospitali, na inakula chuma cha pua.

Mipira uliyosema ina madoa meusi kwa ndani, tupa. Usichemshe, usiloweke, tupa. Huwezi kusugua ndani ya mpira, na mpira mpya ni rahisi kuliko bia iliyoharibika. Huo mpya ukishausuuza, utundike ncha zote mbili zikitazama chini mpaka usione hata tone ndani.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: kilicho kibichi hakifungwi. Ndoo iinamishe juu ya kitu kinachopitisha hewa, ikauke kabisa, pitisha kiganja kwenye mfereji wa kifuniko ambako maji hupenda kujificha, kisha ihifadhi kifuniko kikiwa kando na kitambaa chepesi juu kwa ajili ya vumbi. Vizibo vya kutolea hewa, vile vinavyotiwa maji ndani wakati wa kuchachusha, vimwage maji. Mwiko wa mbao usiuhifadhi pamoja na hivi vyombo, mbao inashika unyevu kwa muda mrefu.

Kafungue koki leo, mkuu, kabla hujagusa kitu kingine, halafu tuwekee picha ya ulichokikuta nyuma ya ringi.