Mchanga wa Nyali, Maharagwe ya Mama na Mpira Baharini

Swali: Adhuhuri mchanga wa ufuo wa Nyali huchoma nyayo, ilhali bahari iliyo hatua chache tu kutoka hapo ni baridi. Je, jua haliviangazii sawasawa? (Msomaji, Kongowea)

Jibu: Huviangazia sawasawa, ila havipokei nishati hiyo kwa namna moja. Kilo moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,200 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi 1 ya Selisiasi, ilhali kilo moja ya mchanga mkavu hutosheka na jouli 800 hivi. Aidha, mchanga haupitishi joto upesi, kwa hiyo joto husalia tabaka la juu (fukua kwa kiganja, utaukuta umepoa), lakini bahari huchanganywa na mawimbi, na mwanga huzama ndani yake mita kadhaa. Tofauti hiyo ndiyo inayotuletea upepo wa bahari tunaoungoja kila alasiri: hewa ya juu ya nchi kavu hupata joto, hupanuka na kupaa, na hewa baridi ya baharini huja kushika nafasi yake. Usiku nchi kavu hupoa kuliko bahari, na upepo hugeuka ukavuma kutoka bara. Huo ndio umande wanaoujua wavuvi wetu. Laiti somo hili lingeanzia ufuoni kabla ya kufika ubaoni!

Swali: Mama huzidi kuchochea makaa hata maharagwe yakishachemka, ili yaive haraka. Je, yafaa? (Likoni)

Jibu: Mwambie mama kwa adabu kwamba makaa yanapotea bure. Maji yanayochemka katika sufuria ya kawaida hapa pwani hukomea nyuzi 100 hivi, na moto wa ziada huyageuza tu kuwa mvuke, kazi inayomeza jouli zipatazo milioni 2.26 kwa kila kilo. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kwa sababu hiyo maharagwe yale yale hukawia kuiva.

Swali: Mpira wa mwanangu ulielea mbali, ukawa unapanda na kushuka bila kurudi. Mbona mawimbi hayakuuleta? (Bamburi)

Jibu: Kinachosafiri katika wimbi ni nishati; maji yenyewe, kwenye kina kirefu, huzunguka karibu pale pale, na mpira huyafuata. Wimbi likifika penye kina kifupi huinuka na kuvunjika, na hapo ndipo maji husukumwa kuelekea mchangani, pamoja na chochote kinachoelea juu yake.