Kesi ya ulevi Texas haiishi kwa faini

Ndugu zangu, kuna maneno mnarushiana huko nyumbani kwamba Marekani ukikamatwa unaendesha umelewa unalipa faini kidogo, kesi ya kwanza inafutwa, Jumatatu uko kazini. Acheni kusambaza hayo. Yanaponza vijana wetu, hasa wale wanaotua na viza mkononi wakidhani trafiki wa huku ni mpole kwa sababu hadai chochote dirishani. Kila jimbo lina sheria zake. Mimi nasema ya Texas, ambako watu wetu ni wengi na kosa lenyewe la kuendesha umelewa huitwa DWI.

Nianze na hilo la kufutwa, maana ndipo wengi wanapopotelea. Tangu Septemba 2019, anayeshtakiwa mara ya kwanza na kipimo chake cha pombe kwenye damu hakikufika 0.15 anaweza kupewa nafasi hii: anakiri kosa, hakimu anasita kumtia hatiani, anamweka chini ya uangalizi kwa muda, na akitimiza masharti kesi inafutwa. Kwa mzaliwa wa hapa ni nafuu kubwa. Kwa wewe mgeni, sheria ya uhamiaji inauliza maswali mawili: ulikiri? Na hakimu alikuwekea adhabu au sharti lolote? Majibu yakiwa ndiyo na ndiyo, kwao umetiwa hatiani, hata kama mahakama ya Texas imeshafunga jalada. Ndiyo maana nawaambia msisaini kwa kuchoka. Mtu amelala mahabusu, anawaza zamu ya kesho, mwendesha mashtaka anamletea karatasi ya kumaliza mambo, naye anashukuru na kusaini. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua mwaka 2010, katika kesi ya Padilla, kwamba wakili wa jinai lazima amshauri mteja mgeni juu ya hatari ya kufukuzwa nchini. Muulize wakili wako swali hilo waziwazi, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kama huna pesa ya wakili, mwombe hakimu akupangie.

Lakini msipagawe. Kesi moja ya kawaida, bila mtu kuumia na bila dawa za kulevya, peke yake haimwondoi nchini mwenye grini kadi. Mwaka 2004, katika kesi ya Leocal, Mahakama ya Juu ilikataa kuliita kosa la aina hii uhalifu wa kutumia nguvu, ule unaoweza kumfukuzisha mtu. Shida inakuja unapoomba uraia. Ombi haliwezi kupitishwa ukiwa bado chini ya uangalizi wa mahakama. Na ukitiwa hatiani mara mbili ndani ya ile miaka mitano ambayo uhamiaji wanaikagua, tangu uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani wa mwaka 2019 unahesabiwa huna mwenendo mwema mpaka wewe uthibitishe vinginevyo, na kuthibitisha huko ni mlima. Mwenye viza ya masomo au ya kazi ana jaribu lake: Wizara ya Mambo ya Nje inaweza kumfutia viza kwa kukamatwa tu, hata kabla kesi haijasikilizwa. Anaweza kuendelea kukaa kwa hadhi aliyonayo, ila akija kuzika nyumbani, kurudi ni kuomba viza upya na kupelekwa kwa daktari wa ubalozi apimwe kama ana ugonjwa wa pombe.

Sasa nyie wa malori. Mnajua ni kazi inayojenga nyumba nyingi huko kwetu. Ukiendesha lori kikomo cha pombe ni 0.04, nusu ya kile cha 0.08 cha gari dogo. Hata ukikamatwa Jumapili na gari lako mwenyewe ukitoka kwenye harusi, ukitiwa hatiani leseni ya lori inakwenda mwaka mzima; kama ulikuwa kwenye lori lenye mzigo hatari, miaka mitatu; mara ya pili, maisha. Ile njia ya kuweka kesi chini ya uangalizi haipo kabisa kwa mwenye leseni ya lori. Mwaka mmoja bila lori ni ada ya nani shuleni, hesabuni wenyewe.

Pesa nitazitaja haraka. Kosa la kwanza: faini hadi dola 2,000 na jela saa 72 hadi siku 180. Kipimo kikifika 0.15, faini hadi 4,000 na jela hadi mwaka. Juu yake kuna faini ya jimbo, dola 3,000, au 6,000 kwa huyo wa 0.15. Hapo hamjagusa wakili, gari lililovutwa yadi, darasa la saa 12, bima inayopanda, na kile kifaa cha kupuliza kinachofungwa garini, ambacho kikinusa pombe injini haiwaki. Ukiwa na mtoto chini ya miaka 15 garini, ni kosa kubwa la jinai: siku 180 hadi miaka miwili.

Na ile ya "nilikunywa mbili tu" isahauni. Hata chini ya 0.08 unashtakiwa kama polisi anaweza kuonyesha akili au mwili haukuwa sawa. Kulala garini injini ikiwaka kumewatia watu hatiani.

Ukisimamishwa, toa leseni na bima, kuwa na adabu, kisha nyamaza. Usieleze ulitoka wapi. Ukikataa kupuliza kipimo cha pombe, leseni inasimamishwa siku 180, na damu wanaweza kuichukua kwa hati ya hakimu. Ukipuliza ukazidi, siku 90. Karatasi utakayopewa na polisi ndiyo leseni yako ya muda. Isome usiku huohuo, kwani una siku 15 tu za kuomba kusikilizwa kuhusu leseni, na shauri hilo liko mbali na kesi ya jinai. Wengi wanazipoteza siku hizo wakisubiri tarehe ya mahakama. Ila kwenye fomu ya uraia usinyamaze: andika kila kukamatwa, hata kulikofutwa. Uongo pale unaua ombi ambalo kosa lenyewe lisingeliua.

Nyie wazazi, mkipigiwa simu kutoka mahabusu msimuulize mtoto alikunywa ngapi, kwa Kiswahili wala kwa kilugha. Simu zile zinarekodiwa, na wakalimani wapo. Muulizeni yuko kaunti gani, jina aliloandikishwa limeandikwaje na dhamana ni kiasi gani, kisha mtafuteni wakili anayejua jinai na uhamiaji pamoja.