Maswali ya Wasomaji: Je, Von Lettow-Vorbeck hakushindwa kweli?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nafundisha historia sekondari. Wanafunzi wangu wamekariri kwamba Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani hapa Afrika Mashariki, 1914–1918, "hakushindwa kamwe". Nifanyeje waipime kauli hiyo kwa vyanzo?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, anza na lengo lake mwenyewe. Hakutarajia kuilinda koloni yote. Alitaka Waingereza wamwage huku askari ambao wangepigana Ulaya. Basi waulize wanafunzi: waliokuja ni akina nani? Wahindi, Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini, na baadaye zaidi Waafrika wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki lililofikia zaidi ya watu 30,000 mwaka 1918. Hao wa KAR wasingepelekwa Ufaransa hata siku moja. Hapo hoja yake inapungua uzito.

Kisha pangeni vyanzo kwa tarehe ya kuandikwa. Kumbukumbu zake zilitoka 1920, Ujerumani imeshindwa na ina kiu ya shujaa. Msizitupe, ila ziaminini zaidi pale anapojiumbua. Jasini, karibu na mpaka wa Kenya, Januari 1915, alishinda, lakini anakiri kwamba zilitumika risasi 200,000, na kwamba kwa akiba aliyobaki nayo angeweza kupigana vita vya namna ile mara tatu tu. Anaposifu utii wa askari wake, hapo anajipamba. Tafuteni habari za watoro.

Tanga, mjini kwenu, ni somo zuri kuliko yote. Novemba 1914 watu wake wapatao 1,000 waliwarudisha baharini askari wa Uingereza wapatao 8,000. Mkisoma upande wa Wajerumani peke yake, sifa zote ni zake (na wakati huo alikuwa luteni kanali tu, ujenerali ulikuja baadaye). Shajara za vita za vikosi vya Waingereza zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, katika fungu la WO 95. Ukizifuata pamoja na maelezo mengine ya upande huo, unakuta askari waliochoshwa na safari ndefu ya meli, Jenerali Aitken, kamanda wao, asiyetuma wapelelezi wa maana, na nahodha wa manowari aliyeingia bandarini tarehe 2 kutoa taarifa kwamba mapatano ya kutoushambulia mji yamevunjwa. Taarifa hiyo ilimpa mpinzani muda wa kuleta kampuni zake kwa reli kutoka Moshi. Sifa yake halali ni kuitumia reli upesi na kupiga ubavuni. Yaliyobaki alizawadiwa.

Kosa la kawaida ni kuhesabu maiti na kutangaza mshindi. Mahiwa, mkoani Lindi, Oktoba 1917, Waingereza walipoteza watu wengi kuliko yeye mara kadhaa. Lakini wao walileta wengine, yeye hakuwa na pa kuwatoa. Mwezi uliofuata alivuka Ruvuma akaiacha koloni. Alisalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, baada ya vita kwisha Ulaya. Semeni hakukamatwa, hilo nyaraka zinalibeba.

Mwisho, wapagazi na wakulima. Daktari wake, Ludwig Deppe, aliandika waziwazi kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa na njaa. Ugogo njaa ya miaka hiyo inaitwa Mtunya. Wanafunzi wakihoji wazee, wasiwabane kwa tarehe, maana masimulizi ya babu huchanganya miaka. Waulize nafaka gani ilichukuliwa, na nani, kabla au baada ya mavuno.