Simchat Torah: maswali yenu kuhusu Furaha ya Torati

Tangu nilipoandika kuhusu Sikukuu ya Vibanda ya Wayahudi, wengi mmeuliza habari za siku inayofunga msimu huo: Simchat Torah, yaani Furaha ya Torati.

Wanafurahia nini hasa? (Msomaji, Arusha)

Wanafurahia kumaliza, na papo hapo kuanza. Torati, vile vitabu 5 vya Musa, imegawanywa mafungu 54 yanayosomwa sinagogi Sabato baada ya Sabato, mwaka mzima. Siku hii husomwa mwisho wa Kumbukumbu la Torati, Musa anapofariki mlimani baada ya kuonyeshwa nchi asiyoingia. Watu wote wanaitikia: "Jipe nguvu, jipe nguvu, na tutiane nguvu!" Kisha linasomwa gombo la pili, lililokwisha kuviringishwa tayari mahali pake: "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi."

Waislamu wa mwambao wataielewa hali hii haraka, maana wengi wakihitimisha Kurani kwa Suratun-Nas hurudi palepale kwenye Al-Fatiha na mwanzo wa Al-Baqara.

Kuna jambo walimu wa Kiyahudi hupenda kuwaonyesha wanafunzi. Herufi ya mwisho ya Torati ni *lamed*, ya kwanza ni *bet*. Anza na ile ya mwisho, uifuatishe na ya kwanza, unapata *lev*: moyo. Kila nikilikumbuka hilo, nasisimka.

Mbona siioni kwenye Biblia? (Msomaji, Dodoma)

Ni kweli haimo. Mambo ya Walawi 23 inataja kusanyiko la siku ya 8 tangu Vibanda vianze, liitwalo Shemini Atzeret. Furaha ya Torati ilikuja baadaye sana, pale desturi ya Wayahudi wa Babeli ya kumaliza kusoma kwa mwaka mmoja iliposhinda ile ya nchi ya Israeli, iliyochukua takriban miaka mitatu. Leo Israeli huziadhimisha zote mbili siku moja, tarehe 22 ya mwezi wa Tishri wa kalenda ya Kiyahudi. Kwingineko kwa kawaida Simchat Torah ni tarehe 23. Mwaka 2026 ni 3 Oktoba Israeli na 4 Oktoba nje, kuanzia jioni ya kuamkia siku hiyo.

Ni kweli wanacheza na kitabu? (Msomaji, Mombasa)

Kweli kabisa. Magombo yote hutolewa kabatini, nayo yamevikwa mavazi ya mahameli, mengine yana mataji ya fedha yenye vikengele. Gombo zima limeandikwa kwa mkono juu ya ngozi, herufi 304,805, na laweza kuzidi kilo 10. Watu hulikumbatia kama mtoto aliyelala begani, wakaizunguka sinagogi mara 7 wakiimba, na mizunguko hiyo yaweza kwenda hadi usiku wa manane. Katika sinagogi nyingi za Kiorthodoksi wanaobeba ni wanaume. Kwingine wanawake hubeba vilevile.

Mwingereza Samuel Pepys, mwandishi wa shajara, aliingia sinagogi ya London siku hii mwaka 1663, akaandika kwa mshangao jinsi alivyoona vurugu badala ya ibada. Hakujua amefika siku gani. Na miaka ya 1960, vijana wa Kiyahudi wa Moscow walijaa barabarani nje ya sinagogi wakicheza, ingawa dola ya Kisovieti iliibana dini yao. Wengi hawakujua hata kusoma Kiebrania. Hao ndio wanaonigusa kuliko wote.

Inatofautianaje na Shavuot? (Msomaji, Kampala)

Shavuot ni sikukuu ya kukumbuka kupewa Torati Sinai, ilhali Simchat Torah ni furaha ya kumaliza kuisoma na kuianza tena. Siku ya Shavuot hakuna kumaliza wala kuanza. Wengi hukesha wakijifunza, na vyakula vya maziwa ni desturi.

Baada ya 7 Oktoba 2023, bado wanacheza? (Msomaji, Nairobi)

Shambulio la Hamas lilitokea siku hiyohiyo ya sikukuu. Tangu hapo, kwa nyumba nyingi za Israeli ni siku ya furaha na ya matanga. Sinagogi nyingi hucheza, lakini huwakumbuka kwanza waliouawa.

Watoto wana nafasi gani? (Msomaji, Tanga)

Kubwa kuliko siku nyingine yoyote. Hupewa bendera na peremende. Asubuhi huitwa wote mbele, hata wadogo wasiojua kusoma. Watu wazima hushika pembe za shali kubwa ya sala na kuitandaza juu yao kama hema, kisha chini ya kivuli hicho husomewa baraka ya Yakobo kwa wajukuu wake: "Malaika aliyeniokoa na maovu yote, na awabariki vijana hawa."