Kabla ya Kuongeza Vihisi, Pigia Hesabu Migongano

Mfumo wangu wa kwanza wa redio ulikuwa na vihisi 60, yaani vifaa vya kupima, vyote kwenye masafa mamoja ya redio. Kila kimoja kilituma ujumbe mara moja kwa dakika, na ujumbe wenyewe ulikaa hewani sekunde 0.1. Nikazidisha: sekunde 6 tu katika dakika nzima. Nafasi tele! Lakini karibu ujumbe mmoja katika kila tano ulipotea.

Niliichukulia chaneli, yaani masafa hayo ya pamoja, kama ghala, kumbe ni baraza: wawili wakisema kwa pamoja, hasikiki hata mmoja. Ujumbe wangu ulisalimika pale tu ambapo hakuna kihisi kingine kilichoanza kutuma sekunde 0.1 kabla yake wala 0.1 baada yake. Hesabu hii ilipatikana zamani, kwenye mtandao wa redio wa ALOHA uliowashwa mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Hawaii chini ya Norman Abramson. Kila mmoja akituma anapojisikia, chaneli haivuki asilimia 18.4 ya uwezo wake. Wote wakianza kutuma kwa mapigo ya saa ileile, kikomo hupanda hadi asilimia 36.8. Ukizidisha mzigo kupita hapo, kinachofika hupungua badala ya kuongezeka.

Mimi nikazidisha. Niliagiza kila kihisi kisichojibiwa na mpokeaji kirudie kutuma baada ya nusu sekunde. Viwili vilivyogongana vikasubiri muda uleule, vikagongana tena pale pale, na tena. Tafadhali, muda wa kusubiri uwe wa bahati nasibu, na mipaka yake iongezeke maradufu kila ujumbe unaposhindwa kufika. Umeme ukirudi baada ya kukatika pia, kila kihisi kichelewe kwa kiasi chake kabla ya kutuma mara ya kwanza.

Kusikiliza kabla ya kutuma kunasaidia sana, ila ukuta ukiwatenganisha wawili, kila mmoja atasikia kimya na bado watagongana kwa mpokeaji.

Dawa iliyonifaa zaidi ilikuwa kufupisha ujumbe. Nilikuwa natuma jina la kihisi, tarehe na kipimo kwa maandishi marefu. Nikabakiza namba ya kihisi na kipimo katika baiti chache, tarehe ikawekwa na mpokeaji. Muda hewani ukashuka hadi sekunde 0.03, na ujumbe kama 94 katika kila 100 ukawa unafika bila kurudiwa.