Anzia na Nyimbo Zilizomo Kitabuni: Muziki na Riwaya ya Fantasia Darasani

Mwalimu mwenzangu akiniambia anataka kutumia muziki kufundisha riwaya ya fantasia, kitu cha kwanza ninachomuuliza ni hiki: vijana watausikia muziki huo kabla ya kusoma au baada? Ukiwawekea muziki wa filamu kabla hawajafungua kitabu, joka limeshapata sura, pango limeshapata giza lake, na kazi ya kuwaza imeisha kabla haijaanza. Fantasia inamtaka msomaji aijenge nchi isiyokuwepo kwa maneno aliyopewa, basi tusimpokonye kazi hiyo. Utaratibu wangu ni maandishi kwanza, sauti baadaye, kisha kurudi kwenye maandishi.

Na sauti ya kwanza ninayoitafuta ni ile iliyomo ndani ya kitabu. Riwaya nyingi za aina hii zina nyimbo, na wanafunzi wengi huziruka. Wakiona mistari mifupi imepangwa katikati ya ukurasa, wanaihesabu kuwa pambo na kukimbilia mahali hadithi inapoendelea. Kumbe mara nyingi mwandishi ameficha humo jambo ambalo mhusika hawezi kulisema kwa maneno ya kawaida.

Kitabu ninachokirudia kila mara kwa kazi hii ni The Hobbit cha J.R.R. Tolkien, kilichochapishwa mwaka 1937. Katika sura ya kwanza, vibete 13 wanaingia nyumbani kwa Bilbo, hobiti (kiumbe mfupi mfano wa binadamu) anayependa raha na utulivu wake, bila yeye kuwaalika. Wanakula, kisha wanaosha vyombo huku wakiimba wimbo wa kumtania kwamba watavunja sahani na glasi zake. Muda si mrefu wanaleta ala: fidla ndogo, filimbi, klarineti, ngoma, na Thorin, kiongozi wao, analetewa kinubi cha dhahabu. Giza linaingia chumbani, na wanaimba tena. Safari hii ni wimbo wa dhahabu waliyoporwa na joka na makao waliyopoteza chini ya mlima.

Ni watu walewale, jioni ileile, lakini nyimbo mbili zisizofanana hata kidogo. Hapo ndipo somo lilipo. Gawa darasa makundi mawili, kila kundi lipewe wimbo mmoja, na uwakataze kuzungumzia maana kwanza. Wapige makofi tu panapoangukia mkazo. Wimbo wa vyombo una mistari ya harakaharaka, ulimi unarukaruka. Ule wa pili una mistari ya karibu mizani nane, na ubeti wake umesukwa kwa makini: mstari wa kwanza, wa pili na wa nne vina vyake ni vimoja, na wa tatu una kina chake katikati na mwishoni. Mtu aliyezoea kuhesabu vina na mizani atauona mpango huo mara moja. Asiyezoea ataupata kwa viganja vyake.

Kisha waambie watunge mahadhi yao wenyewe. Usiwasikilizishe yaliyotungwa na wengine. Nakumbuka kundi moja ambapo kijana alianza kugonga meza kwa kasi, mdundo wa kuchezeka kabisa. Msichana aliyekaa pembeni yake akaweka kiganja juu ya mkono wake, akafungua kitabu na kumwonyesha kwa kidole: taa hazijawashwa, moto unafifia, na wanaimba kwa sauti nzito zinazotoka kooni. Akamwambia, "Hapa hakuna anayekimbia." Walibishana kwa muda, kila mmoja akitafuta mstari wa kumtetea, na mwishowe walikubaliana kupiga ngoma mara moja tu mwanzoni mwa kila mstari. Ningeweza kutumia kipindi kizima kueleza toni na mandhari na nisifike pale walipofika kwa ubishi ule.

Yatunzeni mahadhi hayo, maana mtayahitaji. Katika sura ya 15 joka limeshauawa, vibete wamejifungia na hazina yao mlimani, na watu wa mji wa ziwani ambao nyumba zao zimeteketea wanatarajia fungu. Thorin amenuna. Wenzake wanatoa vinubi kwenye hazina na kumwimbia ili kumtuliza, na mwandishi anasema wazi kwamba wimbo huu unafanana sana na ule walioimba zamani nyumbani kwa Bilbo. Waambie wanafunzi waimbe maneno haya mapya kwa mahadhi yaleyale waliyoyatunga. Usieleze chochote.

Kila ninapofanya hivi, darasa hubadilika. Sauti ni ileile iliyowaliza vibete kwa ajili ya kwao, lakini sasa inamsifu mfalme na silaha zake. Wimbo wa waliopoteza umekuwa wimbo wa waliopata na hawataki kugawa. Waulize nani kaupenda na nani kaumia: Thorin anatabasamu, ilhali moyo wa Bilbo unazama kwa sababu anasikia vita ndani yake. Hapo mjadala wa tamaa huanza wenyewe, na unaanza na watoto, si na wewe.

Baada ya kazi hiyo ndipo ninapoleta muziki kutoka nje ya kitabu, na ninaanza na usio na maneno. Kitangulizi kizuri ni Peter and the Wolf, kazi ya Sergei Prokofiev ya mwaka 1936, ambamo kila mhusika ana ala yake: ndege ni filimbi, bata ni obo, paka ni klarineti, babu ni basuni, mbwa mwitu ni pembe za kupuliza, tatu kwa pamoja, na Peter mwenyewe ni ala za nyuzi. Kwa vijana wakubwa, dondoo fupi zinatosha; ikipigwa yote wataona unawarudisha utotoni. Shabaha ni waone kwamba ala inaweza kubeba tabia, kisha kila mmoja amchagulie ala mhusika wa riwaya yenu. Sharti ni moja: leta ukurasa. Anayesema Thorin ni tarumbeta aonyeshe mstari unaomfanya tarumbeta. Asipoupata, abadilishe ala au abadilishe maoni yake kuhusu Thorin. Vyote viwili ni usomaji.

Kwa mwendo wa hadithi natumia kipande cha Edvard Grieg cha ukumbi wa mfalme wa mlimani, alichokitunga kwa ajili ya tamthilia ya Peer Gynt. Kinaanza chini na polepole, kisha kinarudiarudia mahadhi yaleyale kwa kasi na nguvu zaidi hadi mwisho. Wanafunzi wanakisikiliza wakiwa na sura ya kukimbia au kupigana mbele yao, na wanatia alama ya penseli pale wanapoona sentensi za mwandishi zinaongeza kasi. Wengi huona wenyewe kwamba vitenzi vimesongamana mahali fulani.

Kuna sura nisizozipigia kitu. Bilbo na Gollum, kiumbe anayeishi pangoni, wakitegana vitendawili gizani chini ya milima, kimya ndicho kinachotisha. Soma kwa sauti, acha nafasi baada ya kila kitendawili, basi.

Nyimbo zenye maneno, zile vijana wanazozipenda, zina mtego wake. Watachagua wimbo kwa sababu unataja moto na kitabu kina moto. Waombe watetee chaguo kwa mdundo, sauti na mwendo bila kugusa maneno ya wimbo. Tena kamwe usiwawekee wimbo wenye maneno wakati wanasoma kimyakimya. Maneno mawili hayapiti mlango mmoja. Mwanafunzi asiyesikia vizuri aweke viganja mezani mdundo unapopigwa. Ambaye imani yake haimruhusu ala, makofi na sauti vinamtosha.

Alama usitoe kwa kuimba. Toa kwa aya anayoandika baadaye, na swali ninalolipenda kwa aya hiyo linamhusu Bilbo. Katika sura ya kwanza anasikiliza tu wengine wakiimba. Katika sura ya 8 anatunga papo hapo wimbo wa kuwakejeli buibui ili awavute mbali na rafiki zake. Katika sura ya mwisho, akikaribia nyumbani, anatunga shairi lake la barabara zisizokoma, na Gandalf, mchawi anayesafiri naye, anamwambia kwamba si hobiti yule wa zamani. Waulize: ni wapi hasa alipobadilika, na ni wimbo gani unaothibitisha? Nimepokea majibu yanayotaja buibui na majibu yanayotaja kinubi cha Thorin usiku ule wa kwanza, na yote niliyapa alama za juu, kwa sababu yalikuja na ukurasa.